Kipimo cha kinyama cha ziwa kwa sindano, Tanga: sindano safi, karatasi legelege

Huduma ninayoitathmini hapa ni kipimo cha kinyama cha ziwa kinachofanywa kwa sindano nene, huku daktari akiongozwa na picha ya ultrasaundi, kama nilivyokipata katika kliniki moja ya binafsi hapa jijini Tanga. Jina la kliniki sitalitaja, kwa kuwa katika maelezo yangu zimo lawama, na lawama za mtu mmoja aliyepita pale kwa siku chache si haki zibandikwe mlangoni pa watu wanaohudumia wengi. Nitaeleza hata hivyo kila hatua kwa kadiri ya kumwezesha mwanamke wa Ngamiani, Chumbageni, Muheza au Pangani kujua aulize nini katika mlango wowote unaotoa huduma hii. Kazi yangu ni ukarani wa kutoa mizigo bandarini, kazi ya kulinganisha hati na mzigo tangu asubuhi hadi jioni, na huenda ndiyo sababu nimeikagua huduma hii kuliko mgonjwa wa kawaida.

Uvimbe wenyewe niliugusa nikioga, juu ya ziwa la kushoto kuelekea kwapani, mgumu, wenye kuteleza kidogo chini ya kidole, ukubwa wa kokwa ya ukwaju. Haukuuma. Mama mdogo wangu alilichukulia hilo kuwa habari njema, lakini daktari wa kwanza niliyemwona alisema kwa upole kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na kwamba uvimbe mwingi unaouma si saratani, hivyo maumivu hayamwamulii mtu chochote. Alinieleza pia utaratibu ambao haufai kurukwa hata hatua moja: kupapasa kwa mkono, kupiga picha, na kuchukua kinyama, kisha majibu ya hatua hizo tatu kuwekwa pamoja ili ionekane kama yanasema jambo moja.

Mahali hapo pa kwanza, ambapo sipo ninapopatathmini leo, nilichomwa sindano nyembamba kama ile ya kutolea damu, bila picha, daktari akiukamata uvimbe kwa vidole viwili na kuvuta bomba mara kadhaa. Ilikwisha kabla sijamaliza kuogopa. Baada ya siku tisa nikapewa karatasi iliyosema kwamba seli zilizopatikana hazikutosha kutoa jibu. Sitaki kuidharau sindano hiyo, kwa sababu ni ya bei nafuu, ni ya haraka, na kwa kifuko cha maji haina mfano: maji yakivutwa na uvimbe ukatoweka, mara nyingi shauri limekwisha. Inafaa pia kwa kupima matezi ya kwapani. Udhaifu wake uko katika kile inachokileta, maana huleta seli zilizotawanyika zisizo na mpangilio wake wa asili. Ni sawa na mtu kukuna ukuta wa nyumba ya mawe, akapata unga wa chokaa kwenye kucha. Atajua kwamba ukuta una chokaa, lakini hatajua mawe yamepangwaje wala kama ufa umepenya upande wa pili. Na kwa saratani ya matiti swali la ufa ndilo swali kubwa, kwa sababu seli mbaya zilizobaki ndani ya mirija ya maziwa ni habari moja, na zile zilizokwisha kuvunja ukuta wa mirija zikaingia katika nyama jirani ni habari nyingine kabisa. Sindano nyembamba haiwezi kuzitofautisha. Sindano nene, inayokata kijipande kizima, inaweza.

Nilifika katika kliniki ya pili nikiwa na ripoti ya ultrasaundi iliyoandikwa daraja la 4, nikiwa pia sijalala siku mbili. Mimi na wifi yangu tulikuwa tumekwisha kuamini kwamba daraja la 4 ni saratani hatua ya nne, na wifi alilia ndani ya bajaji tangu barabara ya kumi na mbili hadi tuliposhuka. Daktari alipoona nyuso zetu alisogeza kiti, akaweka ripoti mezani na kutueleza jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila ripoti ya namna ile. Daraja hilo ni la picha, si la ugonjwa. Ni kipimo cha mashaka aliyonayo msomaji wa picha. Daraja la 3 maana yake uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na mgonjwa huyo kwa kawaida hurudi kupigwa picha baada ya miezi sita badala ya kuchomwa. Daraja la 5 ni asilimia 95 na kuendelea. Kati ya hayo mawili ndipo lilipo daraja la 4, pana kama bahari, na kwa upana huo limegawanywa katika A, B na C. Langu lilikuwa 4A, yaani uwezekano ulio juu ya asilimia 2 lakini usiovuka 10. Wifi alifuta machozi akauliza kwa nini basi hawakuandika hivyo kwa Kiswahili, na daktari hakuwa na jibu, nami sina.

Kwa maelezo hayo peke yake ningewapa alama nyingi. Waliniuliza maswali ya maana kabla ya kunigusa: kama natumia aspirini au waferini au dawa nyingine inayozuia damu kuganda, kama niliwahi kudhurika na ganzi, kama nina ujauzito. Waliniuliza pia, na hili wengi hapa kwetu watalithamini, kama ninaridhia kuhudumiwa na daktari mwanamume, na kama ningependa wifi abaki chumbani. Alibaki. Muuguzi, mwanamama wa makamo aliyeniita "dada" tangu mwanzo hadi mwisho, alinifunika khanga yangu mwenyewe akaacha wazi sehemu ile tu iliyohitajika, na mlango haukufunguliwa hata mara moja. Kasoro ilikuwa fomu ya ridhaa. Mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili, lakini karatasi niliyotakiwa kuitia saini ilikuwa ya Kiingereza kurasa mbili. Mimi niliisoma kwa sababu ya kazi yangu. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliweka dole gumba bila kujua ameridhia nini.

Sasa sindano. Nililazwa chali, nikageuzwa kidogo kwa mto uliowekwa chini ya bega, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa. Daktari alipaka jeli, akauleta uvimbe kwenye skrini, akanionyesha: doa jeusi la umbo la yai, milimita 17, lenye ukingo ambao upande mmoja haukunyooka vizuri, na ukingo huo ndio uliompa shaka. Alisafisha ngozi kwa dawa ya baridi. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, moto wa sekunde chache kama kung'atwa na siafu, na baada yake sikusikia maumivu tena bali msukumo. Akachanja ngozi kiasi cha milimita tatu. Sindano yenyewe, ya kipimo cha 14, ina unene wa kama milimita mbili. Katika hesabu ya sindano namba inapopanda unene hushuka, kwa hiyo msishtuke mkisikia namba ndogo wala msifurahi mkisikia kubwa. Niliiona ikiingia kama mstari mweupe kwenye skrini, imelala sambamba na mbavu badala ya kuelekea chini. Nilipouliza, aliniambia kwamba ulalo huo ndio unaolinda mapafu.

Mlio ndio unaotisha. Kifaa kina springi ndani yake, na kinapofyatuliwa sindano huruka mbele kama sentimita mbili, ikakata na kufunika kijipande kwa kufumba na kufumbua, kwa sauti kama ya stapla kubwa ya ofisini. Daktari alikifyatua mara moja hewani kabla ya kuanza ili nisije nikaruka kitandani. Jambo hilo dogo ningependa kila anayefanya kazi hii aliige, kwa kuwa mgonjwa akiruka wakati sindano imo ndani hasara ni ya wote wawili. Walichukua vipande vitano. Kila kipande kilikuwa chembamba mfano wa tambi iliyochemshwa, chenye urefu usiofika sentimita mbili, cheupe chenye madoa ya damu. Muuguzi alivitia kimoja kimoja katika kopo la formalini, dawa ya maji inayohifadhi kinyama kisiharibike, na daktari akawa anavitazama vinavyozama. Mafuta ya ziwa huelea, nyama ya uvimbe kwa kawaida huzama, hivyo kipande kinachoelea humpa shaka kwamba amekosa shabaha. Kimoja changu kilielea, vinne vikazama, akaridhika.

Baada ya hapo muuguzi alikandamiza kidonda kwa kiganja dakika kumi kwa saa ya ukutani, huku akinisimulia habari za bei ya vitunguu sokoni Ngamiani, akabandika plasta, na hapakuwa na mshono. Tangu kulala hadi kuvaa ilikuwa kama dakika 35, ambazo sindano ilitumia chache mno. Mji wetu wenye jina la Waja Leo umepata kipimo kinachoustahili: waja leo, waondoka leo, na kwa miguu yako.

Maelekezo ya nyumbani yalikuwa sahihi, ingawa yalitolewa kwa mdomo tu. Sidiria inayobana usiku na mchana kwa siku mbili, parasetamoli badala ya aspirini, plasta isiloweshwe siku ya kwanza, na ndoo ya maji ibebwe na mtu mwingine. Nilivilia damu chini ya ngozi, baka la rangi ya zambarau lililokuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, likageuka manjano wiki ya pili, kisha likafifia. Baka si hitilafu. Cha kurudi nacho haraka hospitalini ni uvimbe unaokua upesi baada ya sindano, damu isiyokoma, au homa na wekundu wenye joto, mambo ambayo ni nadra.

Ipo hofu moja ambayo haifai kupitwa kwa kicheko, kwa sababu ndiyo inayowaweka ndani wanawake wengi ninaowafahamu. Husemwa kwamba uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika na kutawanyika. Shangazi yangu wa Makorora aliniambia hivyo usiku wa kuamkia kipimo, kwa nia njema, akanitajia wanawake watatu waliochomwa na hawakumaliza mwaka. Nilimpelekea daktari swali hilo kama lilivyo. Hakulicheka. Alisema ni kweli kwamba seli chache zinaweza kusogezwa katika njia ya sindano, na wanapatholojia, yaani madaktari wanaosoma vinyama maabara, huziona mara nyingine kwenye darubini, lakini haijaonekana kwamba wanawake waliopimwa kwa sindano huishi muda mfupi kuliko waliopimwa kwa kisu, na njia hiyo ya sindano hushughulikiwa katika upasuaji na mionzi ya baadaye ikiwa ugonjwa upo. Kuhusu wale watatu aliuliza tu walikwenda hospitali uvimbe ukiwa na ukubwa gani. Shangazi nilipomuuliza alinyamaza, kisha akasema mmoja wao alikwisha kuwa na kidonda. Sindano, basi, ilikuwa imebebeshwa mzigo wa miezi iliyotangulia.

Wifi yangu ana sababu yake ya kuipenda huduma hii kuliko mimi. Zaidi ya miaka kumi iliyopita yeye pia aliota uvimbe, na mahali alipokwenda hawakumchoma sindano yoyote. Walimlaza usingizi, wakautoa wote, wakaupeleka maabara, na jibu likaja kuwa ni fibroadenoma, uvimbe usio na madhara wa wanawake vijana. Amebaki na kovu la vidole vinne na ziwa lililobonyea, malipo ya jambo ambalo vipande vitano vya tambi vingelijibu. Na hapo yeye alibahatika. Lau ingekuwa saratani, daktari wa upasuaji angekuwa ameukata bila kujua anachokikata, bila kupanga ukingo wa nyama salama kuuzunguka wala kukagua kwapa, na mgonjwa angerudi mezani mara ya pili. Tena ziko saratani ambazo tiba yake bora huanza na dawa kabla ya kisu, madaktari wakiutazama uvimbe unavyosinyaa ili wajue kama dawa inafanya kazi, na huwezi kuutazama usinyae ukiwa umekwisha kutupwa. Kwa hiyo yeyote atakayeambiwa "tuutoe kwanza ndipo tupime" ana haki ya kuuliza kwa adabu kwa nini sindano haikutangulia. Sababu za kweli zipo, kama vile majibu ya sindano kutopatana na picha, lakini ziwe ni sababu na zielezwe.

Kuhusu vifaa vikubwa zaidi sitakaa sana. Ipo sindano ya kufyonza, ambayo huingia mara moja tu na kuvuta vipande vingi vinene zaidi, na upo utaratibu wa kuongozwa na mamografia, yaani picha ya eksirei ya ziwa, badala ya ultrasaundi, ambao unahitajika hasa kwa vidoa vya chokaa vidogo mno ambavyo ultrasaundi mara nyingi haivioni. Kliniki hii haina vyote viwili na ilinieleza hivyo bila kuzungukazunguka. Kwa uvimbe unaoonekana vizuri kwenye ultrasaundi kifaa cha springi kinatosha, wala si teknolojia ya jana: mtaalamu wa picha wa Sweden, Per Lindgren, alikieleza mwaka 1982, na Steve Parker wa Denver akaonyesha mwaka 1990 kwamba kinafaa kwa ziwa. Kinachohitajika sana ni mkono uliozoea.

Kufikia hapa msomaji atadhani nitatoa alama kumi. Ningezitoa kama huduma ingeishia kitandani, lakini sindano ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni safari ya kopo.

Nikiwa navaa niliitazama lebo ya kopo langu kwa mazoea tu, kama ninavyotazama lebo ya kila kontena. Ilikuwa na jina langu, umri, na neno "ziwa". Ziwa lipi? Binadamu anayo mawili, na mimi upande wa kulia nina kifuko kidogo cha maji ambacho kilikuwa kwenye ripoti ileile. Niliuliza, na kwa sifa yao hawakukasirika. Muuguzi alichukua kalamu akaongeza kushoto, saa mbili, sentimita nne kutoka kwenye chuchu. Hiyo saa mbili, niwaeleze wenzangu, ni ya uso wa saa, pale ilipo tarakimu ya 2, ambapo Mswahili yeyote akisoma atasema ni saa nane. Madaktari hulichukulia ziwa kama saa ya ukutani wanapotaja mahali pa uvimbe, na nina hakika si mimi wa kwanza kupeleka mkono mahali pasipo kwa sababu hiyo. Lakini lebo isingepaswa kusubiri mteja mkorofi. Mzigo usio na lebo kamili hautoki bandarini, na kinyama cha mtu kina thamani kuliko betri za magari.

Kisha nikauliza kopo linaondoka lini. Vinyama hupelekwa maabara ya Dar es Salaam, kilomita takribani 350, kwa basi la asubuhi la Jumatatu na la Jumatano. Sindano hufanywa Jumanne na Alhamisi. Mimi nilichomwa Alhamisi. Kwa hiyo kinyama changu kilikaa kwenye formalini tangu saa nne asubuhi ya Alhamisi hadi maabara ilipokipokea Jumatatu jioni, zaidi ya saa 100. Kwa swali la kwanza, yaani kama ni saratani au siyo, muda huo hauharibu jambo kubwa. Lakini inapokuwa saratani, kijipande kilekile hupimwa vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na protini iitwayo HER2, na majibu hayo ndiyo yanayoamua mgonjwa apewe dawa gani, pengine kwa miaka. Mwongozo wa kimataifa wa vipimo hivyo unataka kinyama kikae kwenye formalini si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, kwa kuwa kikipungukiwa hakishiki vizuri na kikizidishiwa protini zinaweza kujificha, vipokezi vikasomwa kama havipo. Saa ya kuingia katika formalini pia inapaswa kuandikwa kwenye fomu. Yangu haikuandikwa. Nilimweleza meneja haya yote kwa utulivu, nikamwonyesha kwamba kuihamisha siku moja tu ya sindano kungemaliza tatizo bila kununua kifaa chochote, naye akaandika kwenye daftari. Sijui daftari hilo limefika wapi.

Majibu niliahidiwa baada ya siku kumi za kazi. Niliyapata siku ya 23, tena kwa kupiga simu mara nne. Katika simu ya nne dada wa mapokezi aliondoka kidogo, akarudi, akasema kwa furaha kwamba karatasi ilikuwa imefika siku sita zilizopita na ilikuwa mtotoni mwa meza. Sikuwa na neno la kumjibu. Siku sita hizo nilikuwa nimezihesabu kwa usiku, nikiamka kabla ya adhana na kupapasa mahali palepale. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba kuanzia mgonjwa anapofika kituo cha afya mara ya kwanza hadi uchunguzi kukamilika zisipite siku 60. Nilizihesabu zangu: siku 45 tangu mlango wa kwanza. Nimo ndani ya lengo, lakini kuna mwanamke wa Lushoto au wa Handeni ambaye huanza kuhesabu akiwa bado anatafuta nauli, na kwake siku sita za mtotoni si mzaha.

Jibu lilikuwa fibroadenoma. Daktari hakunipa karatasi akaniaga. Alirudisha picha kwenye skrini, akaweka ripoti kando yake, akaniuliza mimi mwenyewe kama naona vinapatana. Alieleza kwamba sindano hukosea kwa asilimia chache, na kinga yake ni kulinganisha: picha ikiwa na sura mbaya na karatasi ikasema salama, karatasi haiaminiwi, mgonjwa huchomwa upya au hufanyiwa upasuaji mdogo. Zangu zilipatana. Nimepangiwa ultrasaundi baada ya miezi sita, na nikigusa mabadiliko nirudi kabla ya hapo. Niliomba nakala ya picha na ripoti, nikapewa siku ileile. Nikaomba pia namba ya kipande cha nta ambamo maabara huhifadhi kinyama, kwa kuwa kipande hicho kinaweza kusomwa tena na hospitali nyingine bila mtu kuchomwa upya, na hilo wengi hawalijui.

Malipo yalikuwa katika sehemu tatu, yaani ultrasaundi, sindano na maabara, ingawa mapokezi walinitajia kwanza bei moja kana kwamba ni ya yote. Bima yangu ilikubali mbili za kwanza na kuikataa ya tatu. Ulizeni bei ya maabara kabla ya kuvua viatu.

Kwa mkono wa daktari na staha ya muuguzi ninatoa alama tisa kati ya kumi, kwa maelezo nane, kwa karatasi na ufuatiliaji nne. Nitarudi palepale kwa ultrasaundi yangu ya miezi sita, na ikibidi kuchomwa tena nitachomewa palepale. Anayekwenda aende na khanga yake na sidiria inayobana, afike saa mbili asubuhi kwa maana ya Kiswahili, asome lebo ya kopo kabla halijaondoka mezani, na maadamu ratiba ya basi haijabadilika, achague Jumanne.